Skuta otomatiki au pikipiki ya klachi? Uzi wa wanaotaka kununua, tuache ligi tuongee kazi

#1 (mtoa mada)

Wakuu habari za muda huu.

Kila siku humu mtu akiuliza anunue pikipiki gani ya kwendea kazini wanaibuka wale wale, mmoja anasema skuta ni ya akina dada mwanaume anabana klachi, mwingine anamjibu klachi ni ushamba wa mwaka arobaini na saba, wanatukanana kurasa tatu na aliyeuliza anaondoka mikono mitupu. Mimi nyumbani zipo zote mbili, ya klachi ndo ya mizunguko ya kazi, skuta anatumia wife na mimi nikiwa na safari za sokoni naichukua, kwa hiyo nitaongea ninachokijua. Ni ndefu, mvivu wa kusoma apite tu kimya kimya.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana watu wanachanganya mno. Hizi tulizozizoea, Boxer, TVS, Haojue na ndugu zao, mkono wa kushoto una klachi na mguu wa kushoto una gia. Ndani kuna pleti za klachi zimepangwa kama sahani na zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini, ukibana zinaachana, ukiachia zinashikana. Sasa uhondo wote wa klachi upo katikati pale, ile nusu nusu, unaachia kidogo inaanza kuvuta unashikilia hapo hapo, wewe mwenyewe ndo unapima nguvu kiasi gani iende tairi la nyuma. Umepakia magunia na mbele kuna kilima cha vumbi, unabaki namba moja unaichezea klachi mpaka inajitoa. Kwenye tope hivyo hivyo. Hakuna otomatiki ya bei ya kawaida inayoweza kukusomea hilo tope.

Skuta otomatiki haibadilishi gia, na hapa wengi wanadhani kuna gia humo ndani zinajibadilisha zenyewe. Hamna gia za kubadilishana. Kuna mkanda wa mpira umezungushwa kwenye puli mbili, moja mbele moja nyuma. Puli ya mbele ina rola ndani, vidude vya mviringo vizito vizito, injini ikikimbia rola zinatupwa pembeni zinaisukuma puli ijibane na mkanda unapanda, huku nyuma puli inafunguka mkanda unazama, hapo ndo mwendo unaongezeka bila wewe kugusa kitu. Klachi ipo, ila ipo kule nyuma na inashika yenyewe mzunguko ukipanda, ikishuka inaachia. Ndo maana skuta ukiwa umesimama inanguruma tu haiendi, ukivuta mafuta inaondoka.

Halafu kuna hawa wa katikati wamesahaulika kabisa, nusu otomatiki. Honda Super Cub ndo baba yao, ilitoka 1958 na mpaka 2017 Honda walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100, hakuna chombo chenye injini duniani kimetengenezwa kwa wingi huo. Ile mguu unakanyaga gia kama kawaida ila mkono wa kushoto haubani chochote, ukikanyaga gia klachi inajiachia yenyewe. Mimi naona kwa mtu wa mjini anayetaka kubeba na kimzigo kidogo hii ndo ingekuwa jibu, bahati mbaya madukani kwetu unaitafuta kwa tochi.

Zile kubwa za matajiri sizigusi sana. Honda wana DCT, otomatiki ya klachi mbili, tangu VFR1200F ya 2010, Africa Twin nayo ilivyorudi 2016 ikaja na chaguo hilo, Yamaha wameleta Y-AMT 2024 kwenye MT-09. Hizo zina gia kweli kweli ndani, ni kompyuta ndo inabana klachi badala yako. Wenye nazo mje mtusimulie, sisi wengine tunaziona YouTube.

Sasa kwa nini nimeanzisha uzi. Watu wanauliza ipi rahisi kujifunza, jibu kila mtu analijua, otomatiki. Swali ambalo halijibiwi humu ni hili la mkono wa kushoto. Kwenye Boxer mkono wa kushoto ni klachi. Kwenye skuta mkono wa kushoto ni breki ya nyuma. Mtu amezoea klachi miaka yote anapanda skuta ya shemeji yake, anafika kwenye tuta, mkono unabana wenyewe kwa mazoea, na anaubana wote mpaka mwisho kama anavyobana klachi, tairi la nyuma linagoma palepale. Kukiwa na mchanga juu ya lami anakwenda chini. Na wa skuta akipanda ya klachi ndo balaa zaidi, daladala imesimama ghafla mbele anabana kushoto akijua ni breki, kumbe ameachanisha injini, pikipiki inateleza tu kama imewekwa nyutro. Breki ya nyuma ipo mguuni kulia na mguu wake haujawahi kufanya hiyo kazi hata siku moja.

Kwa hiyo mwenye nyumba yenye zote mbili kama mimi, kabla ya kuondoka getini bana kushoto mara moja huku chombo kimesimama, mwili ukumbuke upo kwenye kipi. Hilo hutafundishwa na muuzaji dukani.

Karibuni, ila ligi za nani mwanaume peleka jukwaa la mapenzi.

#2

Siti ya mbele. Mtoa mada upo vizuri ila umeongea kama mtu wa ofisini, ngoja mimi wa kijiweni niongee.

Sisi bodaboda klachi hatukuichagua, hesabu ndo imetuchagulia. Pikipiki ya mkataba bosi anakupa unampelekea hesabu kila siku mpaka mkataba uishe iwe yako, sasa bosi gani atatoa hela anunue skuta? Haibebi gunia, siti fupi, shokapu laini, tairi zake ndogo za inchi 10 au 12 ikizama shimo la huku kwetu rimu inapinda, wakati Boxer ina inchi 17 inaruka tu. Watu wanalaumu otomatiki kumbe ubaya wenyewe upo kwenye tairi. Ungeniwekea injini otomatiki kwenye bodi ya Boxer na tairi zake zile zile ningejaribu aisee, maana foleni ya Ubungo jioni mkono wa kushoto unakufa ganzi, unabana unaachia unabana unaachia, ukifika nyumbani hata kikombe cha chai unashikia kulia.

Na spea. Pleti za klachi za Boxer unazipata hadi duka linalouza vitunguu. Mkanda wa skuta ya mtumba kutoka Japani ukikatika ukiwa Kibaigwa unafanyaje? Unalala hapo.

#3

Mimi ndo hao "akina dada" mnaowasema kila siku, mwalimu, nipo Dodoma, natumia skuta kwenda shule na kurudi.

Niwaambie sababu ambayo hakuna mwanaume humu ataiandika. Gauni. Pikipiki ya kawaida lazima urushe mguu juu ya siti, na ukishakaa tenki lipo katikati ya miguu, mimi navaa sketi ya kazini nitafanyaje? Skuta mbele kuna uwazi, naingia kama nakaa kwenye kiti, mkoba wenye madaftari ya kusahihisha unakaa pale chini miguuni au kwenye ndoano, chini ya siti naweka helmeti. Kiatu changu cha kushoto hakichubuki maana hakuna gia ya kukanyagia. Hivyo vitu mnaviona vidogo ila ndo vinafanya mtu akubali kuendesha au aendelee kupanda daladala.

Ubaya wake niuseme pia. Skuta ikiwa inawaka na imesimama ipo tayari kuondoka muda wote, haina nyutro. Mtoto akija anashika mkono wa kulia anachezea "bruum bruum" inaruka. Au wewe mwenyewe unaisukuma kuipanga parking huku imewaka, mkono wa kulia unajizungusha bila kutaka, inakutoka. Mimi sheria yangu kabla mguu haujagusa chini kushuka, nazima. Sishuki kwenye skuta inayowaka hata kama nafungua geti tu.

#4

Fundi hapa, nipo kwenye fani muda mrefu, kila siku nafungua hizi klachi. Niongezee nyama.

Kwenye klachi kinachoua sana ni oili. Mtu anaenda sheli ananunua oili ya gari kwa sababu bei ni nzuri au kopo ni zuri. Oili nyingi za gari za siku hizi zimetiwa vilainishi vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, sasa wewe pleti zako za klachi zimo ndani ya oili hiyo hiyo na kazi yake ni msuguano. Zinateleza. Unakuja kwangu unaniambia pikipiki ina kelele ila haivuti, resi inapanda mwendo haupandi, hasa ukipakia abiria wawili mlimani. Angalia kopo limeandikwa JASO MA au MA2, hiyo ndo ya pikipiki ya klachi. Ikiandikwa JASO MB hiyo ni ya skuta, maana skuta klachi yake ni kavu haiguswi na oili ya injini. Usibadilishane.

Cha pili ni marekebisho ya waya. Mkono wa klachi lazima uwe na uhuru kidogo, ukiushika kwa kidole uchezecheze kabla haujaanza kuvuta. Vijana wanaukaza waya mpaka hakuna uhuru kabisa wanasema "inashika haraka", hapo pleti hazishikani sawa sawa, zinasagana kutwa nzima na unaziunguza. Na ukiulegeza kupita kiasi gia zinakuwa ngumu kuingia na nyutro huipati ukisimama kwenye taa.

Kingine, acheni kutembea vidole viwili viko juu ya klachi mmeibana nusu. Foleni ikisimama weka nyutro pumzika.

Sasa skuta. Watu wanasema haina matengenezo, uongo. Fungua ule mfuniko wa kushoto uone. Mkanda unachoka, ukiukunja unaona nyufa upande wa meno, huo ubadilishe usisubiri ukatike maana ukikatika unajifinyanga humo ndani na kuondoka na vitu vingine. Rola zikila upande mmoja zinakuwa na bapa, skuta inaanza kutetemeka wakati wa kuondoka au inagoma kufika mwendo wake wa zamani, mtu anahangaika na karibureta wiki nzima kumbe ni rola. Na kule nyuma karibu na tairi kuna oili yake ya gia, kidogo tu, wengi hawajui hata kama ipo. Wanauziana hiyo skuta mkono kwa mkono, watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa.

#5

Hahaha fundi umeongea ukweli mtupu. Mimi swali langu dogo, mvua zikija pale Jangwani maji yakijaa skuta inapita?

#6 (fundi wa #4)

Mkuu Jangwani ikijaa hata daladala hazipiti, unatafuta nini pale.

Ila nijibu. Boxer maji yakiwa chini ya plagi na bomba la hewa unaweza kupita polepole namba moja, klachi ipo ndani ya oili haina habari. Skuta ile sehemu ya mkanda inapozwa na hewa kwa hiyo ina matundu ya kupumulia, maji yakiingia mkanda unateleza kwenye puli, injini inakoroma chombo kimesimama katikati ya maji. Haijafa, ikikauka inarudi, ila wewe utakuwa umeshalowa mpaka kiunoni. Maji yakizidi kitovu cha tairi la skuta mimi nageuza.

#7

Sasani wasee, niko Nairobi huku. Nyinyi mnapigania klachi na mkanda na huku mambo yanabadilika. Nduthi za stima, yaani pikipiki za umeme, ndio zinakuja, kuna kampuni kama Roam, kuna Ampersand walioanzia Kigali, kuna Spiro. Hizo hazina klachi, hazina gia, hazina mkanda wa skuta. Motor inatoa nguvu yote tangu sufuri kwa hiyo huhitaji kitu cha kuisaidia kuanza. Betri ikiisha unaingia stesheni wanakubadilishia unaenda. Na kule Kigali serikali ilisema kuanzia Januari 2025 nduthi mpya ya kubeba abiria isisajiliwe kama ni ya petroli.

Sasa angalia vile ni ajabu. Hizi nduthi za stima zinaundwa na bodi ya kazi, siti refu, keria, tairi kubwa, lakini ni otomatiki. Yule boda wa #2 hapo juu aliyesema angetaka injini otomatiki kwenye bodi ya Boxer, ndugu yangu kitu chako kiko huku kinapiga kazi.

#8 (wa #2)

Mkuu wa Nairobi nimekusoma. Huku kwetu tatizo ni hizo stesheni za betri, nikipata abiria wa Mlandizi narudije? Ila siku zikijaa mjini mimi naachana na klachi saa hiyo hiyo, mapenzi na klachi sina, ninayo mapenzi na hesabu.

#9

Nyie wa bara mnasema skuta kama kitu kilichokuja jana. Huku Unguja Vespa tumezikuta kwa mababu zetu. Na nisahihishe jambo, si kila skuta otomatiki. Vespa ya zamani ina klachi mkono wa kushoto na gia ziko hapo hapo mkononi, unabana klachi kisha unazungusha kiganja chote, moja juu, mbili tatu nne chini. Sasa enyi wa Dar mtazame bajaji zenu, si ndio hivyo hivyo? Bajaj India walianza kwa kuunda Vespa kwa leseni ya Wataliano, ule mkono wa gia wa bajaji umetoka huko. Dereva wa bajaji mpe Vespa ya babu yangu ataondoka nayo bila kufundishwa.

#10

Dah #9 hiyo nilikuwa sijaiunganisha kabisa kichwani, kweli bajaji gia ipo mkononi.

#11

Otomatiki ni toy. Nimemaliza.

#12 (mtoa mada)

Mkuu #11 karibu, chukua kiti, sikiliza wenzako.

Mwalimu #3 asante sana, hilo la gauni na la kuzima kabla ya kushuka nimemuonesha wife kasema "si nilikwambia". Na hilo la #9 la bajaji zuri, maana hata kwenye ule uzi wa mwezi uliopita watu walikuwa wanabishana skuta zote hazina klachi.

Kitu kimoja sijaona mtu amegusa, betri ikifa. Pikipiki ya klachi unaisukuma, namba mbili, unaachia klachi inawaka, safari inaendelea. Skuta usijichoshe, unaweza kuisukuma mpaka Chalinze haiwaki, klachi yake haishiki mpaka injini izunguke kwanza, kwa hiyo tairi likizunguka injini haina habari. Kama unanunua skuta tafuta yenye kiki pembeni, zipo nyingine zinategemea stata ya betri peke yake. Na kwenye mteremko ya klachi unaiacha imezimwa ndani ya gia haiendi popote, skuta haina hicho kitu, ndo maana baadhi zina kifungio cha kushikilia breki pale mkono wa kushoto, wengi hawajui hata kazi yake.

#13

Nipo Uingereza nasoma tu nacheka. Huku ukifanya mtihani wa leseni ya pikipiki kwa otomatiki, leseni inaandikwa otomatiki tu, huruhusiwi kupanda ya klachi mpaka urudie mtihani kwa ya klachi. Kwa hiyo wengi wanajilazimisha kujifunza klachi hata kama wana mpango wa kuendesha skuta maisha yao yote. Mimi nina Africa Twin ya DCT, mtoa mada uliuliza. Raha yake mjini huwezi kuamini, ila kugeuza kwenye sehemu finyu mwendo wa konokono ndo unaikumbuka klachi, maana hakuna kitu cha kubana nusu, unabaki unatumia breki ya nyuma kuituliza. Na nzito, DCT inaongeza kama kilo 10 juu ya ile ya kawaida.

#14

Wakuu naombeni ushauri wa kweli. Nimehamishiwa Lushoto kikazi. Nina skuta ya 125 hapa Tanga mjini inanifaa sana, je niende nayo au niiuze nichukue ya klachi? Nitakuwa napanda na kushuka Mombo mara kwa mara.

#15 (fundi wa #4)

Kupanda itapanda, polepole, 125 ina nguvu ya kutosha kwa mtu mmoja. Tatizo lako ni kushuka.

Ile barabara ya Mombo kona zake unazijua, mteremko haukupi nafasi ya kupumua. Ya klachi unaweka namba mbili unaachia mafuta, injini yenyewe inakushikilia, breki unagusa kwenye kona tu. Skuta mwendo ukishuka sana ile klachi ya nyuma inaachia, injini inabaki inanguruma pekee yake na wewe unateleza bure, mzigo wote unakwenda kwenye breki. Kama breki ya nyuma ni ya ngoma itapata moto, ukifika katikati unabana inakuwa laini haishiki. Ukishaona hivyo simama kabisa ipoe, usijipe moyo.

Kama huna jinsi na unakwenda nayo, anza kushuka na mwendo mdogo tangu juu kabisa, vuta mafuta kidogo sana ili klachi ibaki imeshika injini isaidie, breki tumia zote mbili kwa kugusa na kuachia, usining'inie kwenye ya nyuma peke yake. Ila kama kazi ni ya kudumu na utakuwa unaingia na vijijini kipindi cha mvua, iuze hiyo skuta hapo hapo Tanga, huko juu utapata hasara maana wanunuzi wa skuta kule ni wachache. Chukua ya klachi yenye tairi za kashata.

#16

Asante sana fundi. Nikichukua iliyotumika niangalie nini kwenye klachi?

#17 (fundi wa #4)

Iwashe ipate moto kwanza, usiijaribu ya baridi. Weka namba ya juu kabisa ukiwa kwenye mwendo wa kawaida barabara tambarare halafu vuta mafuta yote kwa mara moja. Mlio ukipanda kabla mwendo haujapanda, pleti zimeisha. Kisha simama, bana klachi yote, ingiza namba moja, isiwe inasogea wala kuvuta ukiwa umebana. Mwisho fungua kifuniko cha oili unuse, klachi iliyoungua harufu yake haijifichi. Akikataa usijaribu, muachie pikipiki yake.